Goma: Bila benki, neno la siri ndilo mlinzi wa Bitcoin

Benki za Goma zilifunga milango M23 ilipouteka mji mwezi Januari 2025, na wakaaji wengi wakabaki wakitegemea pesa za simu. Kwa mkaaji wa Katindo anayefikiria Bitcoin, hatari ni nyingine: akiibiwa, hakuna benki ya kwenda kulalamikia.

Anayeendesha nodi yake aanzie kwenye neno la siri. Programu ya Bitcoin Core ina njia ya rpcauth: faili la mipangilio linahifadhi alama iliyokokotolewa kutoka kwa neno hilo, si neno lenyewe. Mlango 8332 usifunguliwe kwa intaneti. Kompyuta ikiporwa, pochi yenye neno lake tofauti, refu, ndiyo itamzuia mwizi. Nakala iliyohifadhiwa kwingine ndiyo itamrudishia mwenyewe mali yake.