Sindano za Kichina na Vidonge vya Kisukari



Mama mmoja wa Arlington ameniuliza kwa simu swali ambalo naona ni bora kulijibu hapa, kwani najua hayuko peke yake. Mumewe ana kisukari cha aina ya pili, na usiku miguu humwaka moto hata asipate usingizi. Rafiki yake wa kazini alimpeleka kwa mtaalamu wa akupancha, na baada ya kuchomwa sindano mara nne amekuwa akilala. Sasa bwana anataka kuacha vidonge.

Tiba hii si ngeni kwetu. Waliokulia Unguja na Pemba wanawakumbuka madaktari wa Kichina kutoka jimbo la Jiangsu, walioanza kuja Zanzibar mwaka 1964. Marehemu mama yangu alichomwa goti na mmoja wao, akarudi nyumbani anacheka kwa kuwa hakuona hata tone la damu. Kwa hiyo siidharau.

Lakini maumivu ya miguu na sukari ya damu ni mambo mawili. Maumivu hutokana na mishipa ya fahamu iliyodhurika kwa sukari iliyozidi kwa muda mrefu. Sindano huenda zikayatuliza. Zipo tafiti zenye kuonesha hivyo, ingawa nyingi ni za watu wachache. Ama kushusha sukari yenyewe, ushahidi uliopo hautoshi kumwachisha mtu dawa. Mguu ukiacha kuuma, mtu hudhani amepona, na huku sukari inapanda kimya kimya. Ya kutazamwa ni kipimo cha A1C, kinachoonesha wastani wa miezi miwili mitatu. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari hutakiwa kiwe chini ya asilimia 7.

Houston, katika barabara ya Bellaire, milango ya tiba hii ni mingi. Hata hospitali ya saratani ya MD Anderson huitoa kwa wagonjwa wake, ikiwa ni nyongeza ya matibabu yao na si badala yake. Hapa Texas mtaalamu lazima awe na leseni; muombeni awaoneshe, msione haya. Sindano ziwe za kutumika mara moja na kutupwa, na azifungue mbele ya mgonjwa. Gharama pia itazamwe: Medicare, tangu 2020, hulipia akupancha kwa maumivu sugu ya kiuno tu.

Mwenye ganzi miguuni aseme kabla hajavua viatu. Baadhi ya wataalamu huweka taa ya joto au huchoma majani makavu karibu na ngozi, na mguu usiohisi huungua bila ya mwenyewe kujua. Vidonda vya namna hiyo ndivyo vinavyowafikisha wengine kukatwa mguu.

Akipewa na unga au vidonge vya mitishamba, asivimeze kabla ya kumuonesha daktari. Mwaka 2013 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kuwa baadhi ya dawa za kisukari ziitwazo za asili zilikutwa na dawa za hospitali ndani yake, zisizoandikwa kwenye chupa.

Basi mama, mwache bwana aendelee na sindano zake. Vidonge avimeze kama alivyoandikiwa, na daktari wake aelezwe habari ya sindano. Akishapima A1C, yeye ndiye wa kusema kama dawa ipunguzwe. Na usiku wa leo, kabla hajalala, mtazame nyayo zake kwenye mwangaza, na baina ya vidole pia.