Pasipoti ya miaka kumi haidumu miaka kumi

Muulize mwanachuo yeyote mwenye pasipoti inaisha lini. Atafungua ukurasa wa picha na kukusomea tarehe. Kwa nchi nyingi tunazotamani kwenda, hiyo tarehe haina kazi. Pasipoti yako inakufa miezi sita kabla yake, na hakuna mahali palipoandikwa hivyo.

Sisi wa Kyela tungetakiwa kuwa wa kwanza kulijua hili, maana mpaka uko mlangoni. Lakini nadhani ukaribu ndio unaotudanganya. Mto Songwe ukivuka tu uko Malawi, na Wangonde wa Karonga wanasikilizana na sisi Wanyakyusa bila mkalimani. Shangazi yuko huku, shemeji yuko kule, msiba ukitokea watu wanavuka. Mto wenyewe hauheshimu mpaka: mafuriko yakija unahamisha mkondo, shamba la mtu linajikuta ng'ambo, hadi serikali zote mbili zikaanzisha mpango wa pamoja wa bonde hilo. Ukikulia mahali kama hapo unaona karatasi za safari ni jambo la kuzungumza na afisa pale Kasumulu, mkaelewana. Wengi hata pasipoti hawana, wanatumia hati ya dharura ya safari. Halafu mtoto wa Kyela anafika chuo, anapata nafasi ya kwenda mbali, na anaichukulia pasipoti kama bando la intaneti: inatumika mpaka dakika ya mwisho.

Mwenzetu mmoja alipata mafunzo ya wiki mbili nje ya nchi. Barua ya mwaliko anayo, tiketi amelipiwa, pasipoti ina miezi minne mbele. Akarudishwa uwanja wa ndege. Hakurudishwa na Uhamiaji, ni mhudumu wa kaunta ya ndege. Wiki mbili zenyewe zingeisha pasipoti ikiwa bado na zaidi ya miezi mitatu! Nafasi ikaenda kwa mtu wa chuo kingine.

Tusimlaumu mhudumu. Shirika la ndege likimpakia abiria ambaye nchi ya mbele itamkataa, linalazimika kumrudisha, na mara nyingi linatozwa faini. Kwa hiyo anachungulia kompyuta, anaona masharti ya nchi unayokwenda, basi. Na masharti yenyewe yana sababu. Nchi inayokupokea inataka uhakika kwamba ukilazwa hospitali, ukichelewa kuondoka, au wakitaka kukurudisha kwenu, bado una hati hai ya kukurudisha. Sisi wenyewe Tanzania tunamdai mgeni miezi sita.

Ila miezi sita haikuandikwa na Mungu. Nchi za Schengen zinataka miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka, na pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Afrika Kusini inataka siku 30 baada ya safari. Uingereza, ambao kwa ukali wa viza tunawajua, wanachotaka ni pasipoti iwe hai kwa muda wote utakaokaa. China unapoomba viza wanataka miezi sita. Kwa mtu anayekwenda kusoma mwaka mzima, miezi sita ya akiba naielewa. Kwa mtu wa semina ya siku nne, hapana, siielewi.

Twende kwenye hela, kwa kuwa hapo ndipo mwanafunzi anaposikia. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Boom ya chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, kwa hiyo pasipoti ni siku 15 za kula na kulala. Gawanya kwa miaka 10: kila mwaka 15,000. Nusu mwaka usiyoweza kuitumia ni 7,500 uliyolipa bure. Si pesa nyingi, lakini anayeniuzia angeniambia.

Na wakati wa kusema ni huu. Pasipoti za kielektroniki zilizinduliwa Januari 2018, na za zamani zikapewa mwisho Januari 2020. Maana yake watu wengi walibadilisha ndani ya miaka ile miwili. Za kwanza kabisa zinaisha Januari 2028, na kwa nchi za miezi sita zinakufa Julai 2027. Wafanyabiashara, wazazi wetu, wahadhiri, wote watapanga foleni ileile. Mwanafunzi atakayegundua wiki mbili kabla ya safari atakuta mbele yake watu wenye haraka kama yeye.

Uhamiaji wana namba zetu za simu, tunazijaza kwenye maombi. Ujumbe mmoja, mwaka mmoja kabla ya tarehe, ungetosha: pasipoti yako inakaribia kukosa sifa, ibadilishe. Kampuni za simu zinatukumbusha bando la shilingi 500, yaani hili lishindikane?

Najua kuna atakayesema mtu mzima asome masharti mwenyewe. Sawa, lakini masharti yako kwenye tovuti ya kila ubalozi, kila mmoja na lugha yake, na mtu hawezi kutafuta kitu asichojua kama kipo. Serikali yetu ya wanafunzi haihitaji kusubiri Uhamiaji. Kila mwaka inabandika matangazo ya nafasi za kubadilishana wanafunzi, yana GPA, yana barua ya mhadhiri, yana tarehe ya mwisho ya kuomba. Iongezwe sentensi moja: pasipoti iwe na angalau miezi sita kuanzia siku ya kurudi, na kurasa mbili tupu. Tangazo la awamu ijayo bado halijabandikwa ubaoni, kwa hiyo nafasi ya kuiongeza ipo.