Saa zenye nyuso mbili zafichua utata wa wakati nchini

MTU akiulizwa saa katika makutano ya Kisian, ambako barabara ya Busia na ile ya Bondo huachana kilomita chache kutoka jijini Kisumu, anaweza kutoa majibu mawili yanayotofautiana kwa saa sita, na yote mawili yakawa sahihi.

Jibu la kwanza ni la Kiswahili, ambacho huanza kuhesabu saa kunapopambazuka na tena jua linapotua. La pili ni la Kiingereza, ambacho huanzia usiku wa manane na adhuhuri. Wazungumzaji wa Dholuo nao hufuata hesabu ya Kiswahili, hivi kwamba kwa wakazi wengi wa ukanda wa ziwa, saa ya Kiingereza ni ya ofisini na shuleni tu.

Ni utata huu unaoifanya saa ya mkononi ya miaka ya 1980, iliyokuwa na akrabu pamoja na tarakimu katika uso mmoja, kustahili kutazamwa upya. Kwa wengi, saa hiyo ni kumbukumbu tu ya ujana. Hata hivyo, inabeba funzo ambalo idara za serikali na vituo vya afya havijalizingatia.

Chimbuko lake ni mapinduzi yaliyoanza Desemba 25, 1969, kampuni ya Seiko ya Japani ilipozindua Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi kuuzwa madukani. Mnamo 1972, kampuni ya Hamilton ya Marekani ilianza kuuza Pulsar, ambayo haikuwa na akrabu hata moja bali tarakimu nyekundu zilizowaka mvaaji alipobonyeza kitufe.

Katika saa za aina hii zilizoenea baadaye, fuwele ya kwatzi hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Saketi huigawa idadi hiyo kwa mbili, mara 15 mfululizo, hadi ukabaki mpigo mmoja kwa sekunde. Mpigo huo unaweza kusukuma mota ndogo inayozungusha akrabu, au kubadilisha tarakimu kwenye kioo.

Haikuchukua muda mrefu kabla ya watengenezaji kugundua kwamba mambo hayo mawili yangeweza kufanyika ndani ya saa moja. Akrabu zilimwezesha mvaaji kujua wakati kwa kutupa jicho tu, ilhali tarakimu zilimpa tarehe, kengele na wakati wa nchi nyingine. Seiko, Citizen na Casio zilitoa saa za namna hiyo, na mwaka wa 1981 mwigizaji Roger Moore alionekana amevaa moja ya Seiko katika filamu ya James Bond. Waswisi, ambao kwatzi ilikuwa imewapokonya maelfu ya ajira, walijibu kwa saa kama Breitling Aerospace ya mwaka wa 1985.

Kwa Mkenya, tofauti kati ya akrabu na tarakimu ni kubwa kuliko walivyodhania watengenezaji hao. Akrabu fupi ikielekea nane, msomaji wa Kiswahili hutazama nambari iliyo mkabala nayo na kutamka saa mbili. Hahitaji hesabu yoyote, kwani uso wa mviringo humfanyia kazi hiyo.

Tarakimu hazina mkabala. Anayeona 14:00 hana budi kutoa sita ili apate saa nane, na anayeona 20:00 sharti atoe 18 ili apate saa mbili usiku. Simu ya mkononi, ambayo imechukua nafasi ya saa kwa watu wengi, huonyesha tarakimu hizo pekee. Hata ikiwekwa Kiswahili, simu hubadilisha maneno lakini hesabu yake husalia ile ile ya kuanzia usiku wa manane.

Madhara yake si ya nadharia. Kisian ndiko kiliko kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI), ambacho kwa miaka mingi kimetafiti malaria, maradhi sugu katika eneo la ziwa. Dawa inayotumiwa sana dhidi ya malaria isiyo kali, yaani mseto wa artemether na lumefantrine, humezwa mara sita kwa siku tatu. Dozi ya pili hufuata saa nane baada ya ya kwanza.

Mathalani, mgonjwa aliyemeza dozi ya kwanza saa nane mchana anapaswa kumeza ya pili saa nne usiku. Ikiwa karatasi yake imeandikwa 10.00 pekee, naye akaisoma kuwa saa kumi jioni, atakuwa ameimeza baada ya saa mbili tu. Akidhani ni saa kumi alfajiri, atakuwa amechelewa kwa saa sita.

Uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027 nao unakaribia. Kwa kawaida vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Mpiga kura anayeona 5.00 kwenye tangazo bila ufafanuzi ana sababu ya kutatizika.

Kuna wanaoshikilia kwamba suluhu ni kuiacha hesabu ya Kiswahili, kwa vile jua lenyewe halilingani nayo. Wana hoja. Saa ya Afrika Mashariki imekitwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, inayopita karibu na Mogadishu, nje kabisa ya Kenya. Kwa sababu hiyo, siku ya kura jua litachomoza Kisian takriban dakika 40 baada ya vituo kufunguliwa.

Lakini lugha haifutwi kwa amri, na mwenye kulaumiwa si mgonjwa anayehesabu wakati jinsi alivyofunzwa nyumbani. Mtoto hufunzwa saa moja asubuhi katika somo la Kiswahili, kisha hisabati ikamfunza kwa Kiingereza kwamba wakati huo huo ni saba.

Saa ya miaka ya 1980 haikumlazimisha mvaaji kuchagua. Katika nyingi ya saa hizo, akrabu na tarakimu ziliweza kurekebishwa kila moja kivyake, hivi kwamba mtu angeweka akrabu kwa hesabu ya Kiswahili na tarakimu kwa ile ya kimataifa.

Hospitali, Tume ya Uchaguzi na kampuni za usafiri zinaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama kubwa. Inatosha kuandika "saa nne usiku (22:00)" kwenye pakiti ya dawa, tangazo au tiketi. Wino wa ziada ni kidogo mno ukilinganishwa na dozi iliyomezwa wakati usiofaa.