Miaka 50 ya Kituo cha Sheria: agizo lionyeshe sheria yake

Desemba 2012 serikali ya Kenya ilitangaza kwamba wakimbizi wote wanaoishi mijini wafungashe virago. Wasomali waende kambi ya Dadaab, wa mataifa mengine ile ya Kakuma, na uandikishaji wa wakimbizi mijini usitishwe papo hapo. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama, maana Eastleigh na kwingineko watu walikuwa wakiuawa kwa mabomu na maguruneti. Bunge halikuwa limepitisha lolote. Ilikuwa taarifa tu, ila taarifa ya aina hiyo inatosha kumfungisha mtu duka, kumtoa mtoto wake darasani na kumpa askari wa doria mwanya wa kudai chochote.

Julai 2013 Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu aliifuta. Jina la kwanza katika orodha ya walalamishi lilikuwa la Kituo cha Sheria, shirika lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973. Mwaka 2023 lilitimiza miaka 50, na gazeti hili linalipongeza kwa moyo mkunjufu.

Swali lililofikishwa kwa jaji halikuhitaji usomi mwingi. Hawa wanaohamishwa wana uhusiano gani na waliorusha mabomu, na ni kifungu kipi kinachoruhusu waadhibiwe kwa pamoja? Serikali haikuwa na jibu la kuridhisha. Haikuonyesha jinsi kumng'oa mkimbizi aliyekwisha kujijengea maisha Nairobi kungempunguzia Mkenya hatari. Ilipokata rufaa ikashindwa tena, mwaka 2017.

Tunaianza sherehe hii na kesi hiyo kwa sababu inaonyesha haki hupotea kwa njia gani nchini. Ni mara chache raia, au mgeni anayeishi miongoni mwetu, kunyang'anywa haki na sheria iliyojadiliwa bungeni mchana kweupe. Mara nyingi hunyang'anywa na waraka, tangazo la redioni, neno la chifu barazani, au ilani iliyobandikwa ukutani Jumamosi jioni wakati mahakama zimefungwa. Anayetoa agizo hutegemea jambo moja, kwamba hakuna atakayeuliza limetoka wapi. Kazi ya Kituo kwa nusu karne imekuwa kuuliza.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo: mawakili wachache waliojitolea kuwashauri bure watu wasio na uwezo wa kulipa. Enzi hizo serikali ilimtafutia mshtakiwa wakili katika kesi za mauaji pekee. Wizi wa mabavu, ambao nao adhabu yake ni kunyongwa, ulisikilizwa na hakimu huku mshtakiwa maskini akijitetea mwenyewe kwa lugha asiyoijua vizuri. Kama huyo wa kitanzi aliachwa hivyo, mpangaji aliyefungiwa mlango au kibarua aliyefukuzwa bila mshahara angemwendea nani?

Kisha zikaja zile zama ambazo Katiba yenyewe ilitambua chama kimoja tu. Mwaka 1990 vibanda vya Muoroto, Nairobi, vilibomolewa, na wenyewe wakajua kwamba kuishi mahali miaka mingi hakumlindi mtu dhidi ya tingatinga. Wakazi wa mitaa ya mabanda walipoanza kujipanga katika miaka ya 1990 na kuunda Muungano wa Wanavijiji, Kituo kilikuwa miongoni mwa waliowashika mkono.

Hata hivyo, kama tungetakiwa kuchagua kazi moja ya kutunzwa nishani, tungechagua ile ya magerezani. Shimo la Tewa, Kamiti na gereza la wanawake la Lang'ata ni miongoni mwa mahali ambapo Kituo kimewafunza wafungwa, mahabusu na hata maafisa wa magereza kuwa wasaidizi wa kisheria. Faida yake huonekana ukizijua taratibu. Aliyehukumiwa na hakimu ana siku 14 za kukata rufaa. Siku hizo hupita haraka kwa mtu ambaye bado hajazoea sare ya gereza, wala hajui rufaa huandikwaje. Zikipita, lazima aombe ruhusa ya kuchelewa, na ombi hilo nalo lina namna yake. Sasa jirani yake wa seli anajua sababu za rufaa hupangwaje, nakala ya mwenendo wa kesi huombwa wapi, na mahabusu aliyeshindwa na dhamana aseme nini ili ipunguzwe. Wapo watakaonuna kwamba tunawafunza wahalifu kukwepa mkono wa sheria. Wakumbuke kwamba rufaa huamuliwa na jaji. Mfungwa huiandika tu.

Huko huko ndiko ilikotoka kesi ya mwaka 2010. Wiki chache kabla ya kura ya maamuzi ya Agosti 4 kuhusu Katiba mpya, Kituo, kupitia Priscilla Nyokabi aliyekuwa mkurugenzi wake, kilidai kwamba wafungwa nao wapige kura. Hoja ilikuwa ya kisheria hasa: Katiba ya zamani ilimzuia mfungwa kushiriki uchaguzi wa rais na wabunge, lakini kuhusu kura ya maamuzi haikusema neno. Mahakama ilikubali, na masanduku ya kura yakapelekwa magerezani. Kituo kikarudi mahakamani kudai haki hiyo katika uchaguzi wa kawaida, kikashinda, ingawa wafungwa walisubiri hadi Agosti 2017, na hata hapo wakapewa karatasi moja tu, ya urais.

Hatuandiki haya kwa kudhani kila shauri huleta ushindi. Machi 2014 serikali iliwaamuru tena wakimbizi warudi kambini, Aprili maelfu ya watu wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani, na safari hiyo ombi lililopelekwa Mahakama Kuu halikufua dafu. Wakimbizi wale wale, jaji yule yule, mwaka mmoja tu baadaye. Mwaka 2016 serikali ikatangaza kuifunga Dadaab, iliyokuwa na watu zaidi ya 200,000. Kituo na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu wakaipinga, na Februari 2017 Jaji John Mativo akalibatilisha agizo hilo. Machi 2021 tukasikia tena kambi zifungwe, na mwezi uliofuata mahakama ikasimamisha. Mtu angeweza kuchoka. Sheria mpya ya Wakimbizi, ya mwaka huo huo, imefungua milango kadhaa ya kazi na biashara, lakini bado inaacha nafasi ya kuwatengea wakimbizi maeneo ya kuishi. Kituo kisiuze makabati yake ya faili.

Kuna aibu moja katika sherehe hii, na si ya Kituo. Ibara ya 48 ya Katiba inaitaka Dola ihakikishe kila mtu anaifikia haki. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ikaunda taasisi ya kitaifa ya kazi hiyo na kuwatambua wasaidizi wa kisheria. Pamoja na hayo, mwananchi wa kawaida akitafuta wakili wa bure bado huelekezwa kwa mashirika kama Kituo, ambayo huishi kwa misaada ya wafadhili wa ng'ambo. Mfadhili akibadili vipaumbele vyake, mahabusu wa Shimo la Tewa hana wa kumlalamikia. Katiba haikumtwika mfadhili jukumu hilo.

Viongozi wanaokitumia Kituo salamu za pongezi wazitume pamoja na fungu la bajeti. Msaada wa kisheria upewe fedha zake kila mwaka, maafisa wake wafike kila kaunti, na wale wasaidizi wa kisheria ambao sheria imewatambua kwa karatasi walipwe angalau nauli ya kufika mahakamani.