Abebaye Roho za Watu Naye Ana Roho



Sisi wakazi wa Bugene tunapotaka kusafiri kwa ndege, aghalabu huteremka kwa barabara ya Kyaka mpaka Bukoba. Pale uwanjani huuliza juu ya nauli, uzito wa mizigo na hali ya mawingu. Kisha hukabidhi roho zetu kwa rubani tusiyemjua, wala hatuulizi moyo wake umeamkaje siku hiyo.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam ilitumbukia katika Ziwa Victoria, karibu na uwanja huo huo. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki, wakiwamo marubani wote wawili. Msiba ule haukuwa wa maradhi ya akili, na ni dhulma kuwazushia marehemu jambo hilo. Tunaukumbuka kwa kuwa ulitudhihirishia uzito wa amana anayobeba rubani: abiria wakiangamia, naye huangamia pamoja nao.

Kazi hiyo ina taabu zake. Rubani huamka usiku wa manane, hulala mbali na ahli zake, na afya yake hupimwa mara kwa mara, naye akijua kwamba cheti cha daktari kikizuiliwa, riziki yake imesimama. Kwa hiyo anapopatwa na sonona au kukosa usingizi, hushawishika kuficha.

Madhara ya kuficha yamekwisha kuonekana. Tarehe 24 Machi 2015, rubani msaidizi wa shirika la Germanwings aliiangusha ndege kwa makusudi katika milima ya Ufaransa, wakafa watu 150. Uchunguzi ulibainisha kuwa alikuwa akitibiwa maradhi ya akili, na madaktari walikwisha kumwandikia apumzike, lakini alimficha mwajiri wake. Hapa Afrika, tarehe 29 Novemba 2013, ndege ya shirika la LAM la Msumbiji ilianguka Namibia ikiwa njiani kutoka Maputo kwenda Luanda. Watu wote 33 walikufa. Wachunguzi walieleza kwamba rubani mkuu alibaki peke yake katika chumba cha marubani, akaishusha ndege kwa kukusudia.

Wako watakaosema: basi afukuzwe kila rubani mwenye huzuni. Rai hiyo ni kosa. Kwanza, wagonjwa wa sonona walio wengi mno hawamdhuru mtu yeyote. Pili, ukimfukuza mmoja aliyesema kweli, umewafundisha mia moja kunyamaza, na msafiri hatakuwa salama kwa ukimya huo. Marekani, tangu mwaka 2010, huruhusu rubani anayetumia baadhi ya dawa za sonona kuendelea na kazi chini ya uangalizi wa madaktari. Umoja wa Ulaya nao, kwa sheria ya mwaka 2018, uliyataka mashirika yawe na utaratibu wa marubani kusaidiana wao kwa wao kwa siri.

Hivyo basi, yapasa mashirika yetu na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania wahakikishe mambo matatu: anayejitokeza kusema hayuko sawa apumzishwe bila kukatiwa mshahara, apate mwenzake aliyefunzwa kumsikiliza, na arudishwe kazini daktari akiridhika. Pale ambapo utaratibu huo upo, uimarishwe.

Na sisi jamaa wa msikitini tusijitoe katika lawama. Mara ngapi mtu amelalamika kwamba moyo wake umemwelemea, tukamwambia ana imani haba au ana jini? Nabii Yaaqub (a.s.) alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii wa Allah. Mtume wetu (s.a.w.) alimkataza kadhi kuhukumu akiwa na hasira. Ikiwa aketiye mkekani kuamua kesi ya watu wawili anaambiwa asubiri mpaka nafsi yake itulie, seuze yule anayepeperusha abiria sabini juu ya maji ya ziwa?

Marubani ni wachache kati yetu, lakini madereva wa mabasi, wa malori na wa bodaboda tunaswali nao safu moja. Tumwonapo mmoja wao amebadilika, halali, hazungumzi, amekuwa mkali bila sababu, tumjulie hali kwa upole, tumsindikize hospitali, na tumwombee dua. Dua haizuii dawa. Akisema leo hawezi kushika usukani, tajiri wake ampe siku hiyo, na abiria tusimnung'unikie kwa kutucheleweshea safari.

Wabillahi tawfiq.