Nishati ya Taifa, Hatari ya Nani? Haki za Wananchi Katika Mkoa wa Morogoro

Mkoa wa Morogoro umebeba sehemu kubwa ya mfumo wa nishati wa Tanzania kuliko wanavyofikiri wengi wanaowasha taa Dar es Salaam au Dodoma. Kituo cha Kidatu, chenye uwezo wa megawati 204, kilianza kuzalisha umeme mwaka 1975 kwa maji ya mto Ruaha Mkuu. Kihansi, chenye megawati 180, kilifuata mwishoni mwa karne katika safu ya Udzungwa. Na Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, yaani megawati 2,115 kwa jumla, limejengwa kwenye mto Rufiji, mpakani mwa Morogoro na Pwani. Katika mkoa huohuo hupita bomba la TAZAMA, linalopeleka mafuta Ndola nchini Zambia, pamoja na barabara kuu zinazotumiwa na malori ya mafuta yaendayo mikoa ya bara na nchi jirani. Kihonda, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo kando ya barabara ya Dodoma, ng'ambo ya mji na milima ya Uluguru, iko jirani na Msamvu, ambako barabara za Dar es Salaam, Iringa na Dodoma hukutana, na reli ya kisasa inayoendeshwa kwa umeme imepita upande huohuo. Kwamba taifa linahitaji nishati hakuna anayebisha. Linalohitaji kujadiliwa ni nani anayebeba hatari zinazoambatana na nishati hiyo, na sheria ipi inamlinda.

Hatari za kijamii katika sekta hii ni madhara yanayoweza kuwapata watu kwa sababu ya mradi: kupoteza ardhi na makazi, kukosa maji au kipato, kufikwa na ajali, au kutumiwa nguvu na vyombo vya dola pale wanapopinga. Wasimamizi wa miradi wamezoea kuzipima kwa hasara zinazoweza kuuletea mradi wenyewe, kama vile kazi kuchelewa, kesi mahakamani na jina kuchafuka. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, zilizoidhinishwa na Baraza la Haki za Binadamu mwezi Juni 2011 baada ya kazi ya miaka kadhaa iliyoongozwa na Profesa John Ruggie, zinataka kipimo kianzie kwa mtu anayeweza kuumia. Kanuni hizo zina nguzo tatu: serikali ina wajibu wa kulinda haki, kampuni, zikiwemo za umma, zina jukumu la kuziheshimu kwa kuchunguza mapema madhara ya shughuli zao na kuyazuia, na aliyeumizwa anapaswa kuwa na mlango wa kubisha ili apate nafuu, iwe mahakamani au nje ya mahakama.

Ukiipima Morogoro kwa nguzo hizo, jambo moja hujitokeza waziwazi: ulinzi anaoupata mwananchi umetegemea mno aliyelipia mradi, na mahali mwananchi huyo alipo kuhusiana na mpaka wa mradi. Kidatu ilijengwa kwa msaada wa Benki ya Dunia na Sweden wakati ambapo benki hiyo haikuwa hata na sera ya kuhamisha watu, kwa kuwa sera yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1980. Kihansi ilikuta mambo yamebadilika. Mwaka 1996 aligunduliwa katika korongo lake chura mdogo asiyepatikana kwingine duniani, aliyeishi kwa manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, mtiririko ukapungua kwa takriban asilimia 90. Wakopeshaji walibanwa na masharti yao wenyewe, hivyo ukajengwa mfumo wa mabomba ya kunyunyiza maji, chura wakapelekwa kutunzwa Marekani, na ingawa mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini, walianza kurudishwa korongoni mwaka 2012. Juhudi hizo zilistahili. Hata hivyo, zilitokana na masharti ya mkopo, na masharti hayo yangekuwa mengine, au yasingekuwepo kabisa, kama fedha zingetoka mfuko mwingine.

Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa fedha za serikali, kwa mkataba uliotiwa saini Desemba 2018 na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Kwa kuwa eneo lake lilikuwa ndani ya Pori la Akiba la Selous, suala la kuhamisha vijiji ili kupisha ziwa halikuwa kubwa. Lakini umeme hauishii bwawani. Njia ya msongo wa kilovolti 400 hadi Chalinze, na nyingine kama hiyo kutoka Chalinze hadi Dodoma, zinahitaji mkuza, yaani ukanda wa ardhi chini ya nyaya ambao hauruhusiwi kujengwa wala kupandwa miti mirefu, na mkuza hukata mashamba na viwanja vya watu. Wakati huohuo bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani mkoani Tanga, liko chini ya kampuni iliyoahidi kufuata viwango vya Shirika la Fedha la Kimataifa, ambavyo hudai mali ilipwe kwa gharama kamili ya kuipata nyingine, bila kukata uchakavu. Hivyo Watanzania wawili wanaotoa ardhi kwa ajili ya nishati, mmoja kwa bomba na mwingine kwa nguzo za umeme, wanaweza kupimwa kwa mizani tofauti ilhali Katiba yao ni moja, na ibara ya 24 ya Katiba hiyo inakataza mtu kunyang'anywa mali bila fidia inayostahili.

Tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi katika zoezi la uthamini. Mthamini hufika na mwenyekiti wa mtaa au kijiji, hupima nyumba, huhesabu miembe, migomba na minazi mmoja mmoja, na mwenye mali hupigwa picha mbele ya mali yake akiwa ameshika kibao chenye jina na namba. Kwa kanuni za mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi, jedwali la fidia hujumlisha thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri wa tani 12 za mizigo kwa umbali usiozidi kilomita 20, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Kwenye karatasi, hesabu hiyo si ya kubeza. Kasoro kubwa iko kwenye muda. Fidia isipolipwa ndani ya miezi sita inapaswa kuambatana na riba, na Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inasema kwamba uthamini hupoteza uhai baada ya miaka miwili. Lakini katika kipindi chote hicho familia iliyowekewa alama ya X ukutani huishi katika hali ya kutojua, kwa kuwa chumba kitakachoongezwa au mche utakaopandwa baada ya tarehe ya ukomo hautahesabiwa. Paa linavuja, na mwenye nyumba anasita kununua bati jipya.

Viwango vya wakopeshaji navyo havijamaliza tatizo hilo, kwani hata katika njia ya bomba la Hoima wengi walisubiri kwa miaka kati ya kuthaminiwa na kulipwa. Malalamiko ya Waganda yalifikishwa na asasi za kiraia hadi mahakamani nchini Ufaransa mwaka 2019, chini ya sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2017 inayozitaka kampuni kubwa kuzuia madhara ya shughuli zao popote duniani, na Februari 2023 mahakama ya Paris ikaikataa kesi kwa sababu za kiutaratibu. Mkulima wa Hoima asingetegemea mahakama ya Ulaya kama mlango wa karibu ungekuwa wazi na wenye nguvu.

Jedwali la fidia, hata likilipwa kwa wakati, linamhusu tu aliye ndani ya mpaka wa mradi, na waliobaki nje ndio waliosahaulika zaidi. Mwaka 2006, ukame ulipopunguza maji ya bwawa la umeme la Mtera, lililo juu ya Kidatu kwenye mto Ruaha Mkuu, na nchi ikaingia katika mgawo mkali wa umeme, serikali iliwaondoa wafugaji katika mabonde ya Usangu na Ihefu kwa hoja kwamba mifugo ilikuwa ikiukausha Ruaha Mkuu, ingawa baadhi ya wataalamu wa maji walieleza kuwa namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa ilichangia upungufu huo. Wafugaji hao hawakuwa kwenye orodha ya walioathiriwa na mradi wowote wa umeme. Aprili 2024, mafuriko yalipofunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, upande wa chini wa bwawa jipya, serikali ilieleza kwamba chanzo kilikuwa mvua kubwa na kwamba bwawa lilipunguza makali yake, huku wakazi wakilalamikia maji yaliyofunguliwa. Hata maelezo ya serikali yakipokelewa yote, mkulima wa bondeni bado ana haki ya kujua mapema ratiba ya kufunguliwa kwa maji, na kuijua kwa njia inayomfikia.

Mfano mchungu kuliko yote uko jirani na Kihonda. Asubuhi ya Jumamosi, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu. Waendesha bodaboda, wachuuzi na wapita njia walifika na madumu kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha, wengi wao wakazikwa katika makaburi ya Kola. Mjadala uliofuata ulielemea tamaa na umaskini wa waliochota. Hoja hiyo haitoshi, kwa sababu balaa hilo lilikuwa limekwisha kutokea kwa sura ileile Sachangwan nchini Kenya Januari 2009 na Sange, mashariki mwa Kongo, Julai 2010, kila mara likiua watu zaidi ya 100. Hatari inayotabirika kiasi hicho inapaswa kuwa na mwenyewe: mwenye shehena, msafirishaji, mamlaka za barabara na za udhibiti wa mafuta, na manispaa. Barabara, hata hivyo, haikuwa na mkopeshaji wa kuweka masharti kwa kila shehena inayopita.

Wapo watakaosema kwamba masharti mengi huchelewesha miradi, na kwamba mgawo wa umeme nao huumiza haki za watu. Hoja hiyo ina uzito, kwani umeme ukikatika Kihonda, fundi wa kuchomelea, mwenye saluni na mwenye mashine ya kusaga hukosa riziki ya siku. Lakini gharama ya kutosikiliza watu imeonekana Mtwara, ambako mwaka 2013 madai ya wananchi kuhusu manufaa ya gesi yaligeuka ghasia, watu wakafa na mali ikaharibiwa, kabla bomba la kwenda Dar es Salaam halijakamilika mwaka 2015. Ushirikishwaji unachukua miezi. Uhasama huacha kinyongo cha miaka.

Kinachotakiwa, basi, ni sheria moja ya nchi kuhusu watu wanaoathiriwa na miradi, itakayotumika kwa usawa iwe fedha ni za bajeti, za mkopo au za mwekezaji. Idai gharama kamili ya mali ilipwe bila kukata uchakavu, na imruhusu mwenye mali kuendelea na maisha yake endapo miezi sita itapita bila malipo. Sheria hiyo iwatambue pia walio juu ya bwawa, walio chini yake na walio kando ya njia za mafuta, na iipe Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora uwezo wa kutoa amri zinazotekelezwa badala ya mapendekezo pekee. Kila msafirishaji wa mafuta awajibike kugharimia mpango wa dharura katika miji anayopita, Morogoro ikiwa ya kwanza. Bunge limeonyesha katika Sheria ya Uthamini ya 2016 kwamba linaweza kuweka ukomo wa muda. Sasa liweke na ukomo wa visingizio.