Msiba Si Hukumu

Msemo kwamba malipo ni hapahapa duniani umebeba dhana nzito kuhusu Mungu: kwamba humlipa kila mtu sawasawa na matendo yake kabla hajaingia kaburini. Mwenye afya, watoto na mali amebarikiwa. Mgonjwa, tasa au aliyefilisika ana jambo lake. Dhana hiyo husikika katika mahubiri ya utajiri, kwenye matanga na barazani jirani anapopatwa na ajali. Huvutia kwa sababu huifanya dunia ieleweke. Ubaya wake ni kumtia mfiwa hatiani bila ushahidi, tena kwa jina la Mungu.

Wanaoishikilia wana maandiko ya kutaja. Kumbukumbu la Torati sura ya 28 inaorodhesha baraka za taifa linalotii na laana za linaloasi, na kitabu cha Mithali kinarudia kwamba mwenye haki hustawi. Lakini Biblia hiyohiyo ina kitabu cha Ayubu, kinachoipeleka dhana hiyo mahakamani. Ayubu, tajiri wa nchi ya Usi, anatajwa tangu mwanzo kuwa mkamilifu. Anapoteza mifugo, watoto kumi na afya yake. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wanakaa naye kimya siku saba, na huo ndio msaada wao bora. Wakianza kusema, hoja yao ni moja: Mungu ni mwadilifu, Ayubu anateseka, basi Ayubu ametenda dhambi. Kwa kuwa dhambi yenyewe haionekani, katika sura ya 22 Elifazi anamzushia: eti aliwanyima maji wenye kiu na kuwafukuza wajane mikono mitupu.

Mungu anapojibu, kuanzia sura ya 38, haelezi sababu ya mateso. Anasema juu ya bahari, nyota, mbuzi wa mwituni na tai, ulimwengu mpana usioendeshwa kwa ajili ya hesabu za binadamu peke yake. Kisha, katika sura ya 42, anawakemea marafiki waliodhani wanamtetea, na kusema kuwa aliyenena ipasavyo ni Ayubu, yule aliyelalamika. Mali anayorudishiwa maradufu hufika baada ya kuthibitika kwamba hakuwa na kosa. Haiwezi kuwa ushahidi dhidi ya maskini yeyote.

Mafundisho ya baadaye yanafuata mkondo huo. Katika Injili ya Yohana sura ya 9, wanafunzi wanauliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, yeye au wazazi wake. Yesu anakataa majibu yote mawili. Katika Luka sura ya 13, anakanusha kwamba watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa waovu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Qurani nayo, katika Sura Sad, inamtaja Nabii Ayubu kama mja mwema mwenye subira. Shida yake inaeleweka kuwa mtihani, na Utenzi wa Ayubu uliieneza sifa hiyo ya subira miongoni mwa Waswahili.

Historia inaonyesha gharama ya kuing'ang'ania dhana hii. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliubomoa mji wa Lisbon nchini Ureno wakati makanisa yamejaa waumini; mawimbi ya bahari na moto vikamalizia. Padri Mjesuti Gabriel Malagrida aliandika kwamba chanzo ni dhambi za wakazi, akawataka watubu. Waziri aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal alishika njia nyingine: parokia ziliulizwa tetemeko lilidumu muda gani na bahari ilifanya nini, na mji ukajengwa upya kwa nyumba zenye fremu za mbao za kuhimili mtikisiko. Mwaka 1756 mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau alimwandikia mwanafalsafa mwenzake Voltaire kwamba si maumbile yaliyorundika pale nyumba 20,000 za ghorofa sita na saba. Adhabu ikiondolewa kwenye maelezo, maswali ya ujenzi hupata nafasi.

Afrika Mashariki iliiona gharama hiyo UKIMWI ulipoingia. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na wengi waliuita ugonjwa huo adhabu ya uzinzi. Virusi viliwafikia pia wake waaminifu na watoto wachanga, ilhali aibu ya kuitwa mwenye dhambi iliwafanya watu waufiche ugonjwa na kuogopa kupima.

Kuikataa dhana hii hakufuti wajibu. Dereva mlevi akipinduka, chanzo kinajulikana. Lakini chanzo si hukumu, na abiria waliokufa naye hawakuwa na kosa. Wala imani ya hesabu ya mwisho haidhuriki. Ukristo na Uislamu vyote vinafundisha siku ya hukumu, na kama kila deni lingelipwa hapahapa, siku hiyo isingekuwa na kazi. Kwa mafundisho hayo, hukumu ni ya Mungu na wakati wake bado. Anayeitangaza leo kando ya kitanda cha mgonjwa anajitwalia madaraka ambayo hakupewa.